Amplifaya ndogo ya valvu kwa shoo za baa na hoteli: wati 15 au wati 22?

Solo_Kigamboni

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaopiga gitaa kama kazi, siyo kupiga chumbani tu. Mimi ni mpiga solo kwenye bendi ya watu wanne, dramu, besi, mwimbaji ambaye pia anashika ridhim, na mimi. Ijumaa tunapiga kwenye baa moja ya ufukweni huku Kigamboni, iko wazi haina kuta, Jumamosi tunapiga hoteli ndogo mjini, ukumbi wa watu sitini mpaka themanini, mwanzo wanakula wanaongea, ikifika saa nne hivi ndo wanaanza kunyanyuka kucheza. Mziki wetu ni rumba, zilipendwa, sebene mwishoni, na bluzi mbili tatu kwa ajili ya wageni.

Sasa hivi natumia Fender Twin Reverb ya bosi wa bendi. Sauti yake sina neno. Ila ni wati 85, spika mbili za inchi 12, uzito unakaribia kilo 29, na Jumamosi iliyopita pale hotelini lifti ilikuwa mbovu tukaipandisha kwa ngazi mpaka ghorofa ya tatu mimi na mpiga besi, nikaanza shoo mkono wa kushoto unatetemeka, vidole havikai kwenye nyuzi, mpaka wimbo wa nne ndo nikarudi kuwa mimi. Halafu nikifika tu namba mbili kwenye volyumu meneja anasimama kule kwenye kaunta ananionyesha kwa kiganja, punguza, punguza. Nikipunguza inapoa, haina uhai, kama napiga nikiwa chumba cha pili.

Kwa hiyo nataka ya kwangu, ndogo, ya valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, bajeti milioni mbili na nusu. Ninazoweza kupata ni hizi

Fender Blues Junior ya wati 15, iliyotumika, ipo hapahapa Dar na ni ya umeme wetu.
Vox AC15, nayo imetumika, mwenye nayo yuko Mombasa.
Fender Deluxe Reverb ya wati 22, ya binamu yangu yuko Houston, anakuja mwezi wa 12 na amekubali kuniachia kwa bei ya kindugu, ila ni ya umeme wa kule.

Swali langu kubwa, wati 15 zitasikika kweli juu ya dramu? Manake mpiga dramu wetu hana mkono mdogo. Na hili la umeme wa Marekani nani anajua vizuri, naogopa kuunguza kitu cha ndugu.

Benga_Roysambu

Niaje Solo. Mimi niko na Blues Junior mwaka wa sita huu, napiga nayo Nairobi kwa marestoranti na harusi ndogo, sisi ni watatu. Kwanza toa hiyo hofu ya wati. Watu huona 85 na 15 wanafikiria hii nyingine ni karibu mara sita kwa kelele, sikio halihesabu hivyo. Ukiongeza wati maradufu unapata desibeli 3 peke yake, hicho ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti, na ili mtu aliyekaa pale aseme sauti imekuwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Sasa kutoka 15 mpaka 85 ni desibeli 7 na nusu hivi. Twin yako haifiki hata mara mbili ya Blues Junior kwa sikio, na umeibeba ngazi ghorofa tatu! Na kutoka 15 kwenda 22 ni desibeli moja na kitu, hiyo tofauti hata wewe mwenye gitaa utaitafuta.

Ile kitu huua ampu ndogo ni mahali umeiweka. Ukiiweka chini nyuma yako sauti inapita kwa magoti yako, inaenda kumpiga mteja wa meza ya mbele, wewe husikii kitu, unaongeza, yeye anaenda kulalamika. Mimi naiweka juu ya kreti ya soda, halafu naiegemeza nyuma kidogo na kipande cha mbao, ile spika inaniangalia kwa sikio. Siku ya kwanza nilifanya hivyo nilishusha volyumu bila kuambiwa na mtu.

Uzito ni kilo 14. Naipeleka na boda, nimeifunga blanketi, naikumbatia. Chukua hiyo ndugu yangu, mambo ya Houston ni mbali na ile ya Mombasa utaendea na hujaijaribu.

Mzee_wa_Sekondi

Vijana hamjambo. Nimesoma yote na hilo la desibeli kijana wa Nairobi amelisema sawasawa, halina ubishi. Lakini kwa sisi tunaopiga rumba swali siyo kama itasikika. Itasikika. Swali ni itasikika ikiwa SAFI au imeshapasuka, yaani sauti inakwaruza?

Wati kwenye amplifaya ya valvu ni kama upana wa barabara. Gitaa la bluzi ni mtu mmoja anatembea, hata barabara ikiwa nyembamba anapita, tena akisugua bega ukutani inapendeza, ndiyo maana wapiga bluzi wanazipenda hizi ndogo, wanazitaka zipasuke mapema. Sisi tunatembea wawili wawili. Solo ya rumba mara nyingi ni nyuzi mbili kwa pamoja, unapiga noti na ya tatu yake, au ya sita yake, unapanda nazo unashuka nazo. Sasa amplifaya ikianza kupasuka, noti mbili zikiingia pamoja zinazaa nyingine ambayo wewe hujaipiga. Iko chini, inanguruma, na haimo kwenye ufunguo wa wimbo. Jaribu mwenyewe, weka volyumu juu mpaka ianze kukwaruza, piga noti moja, utaona tamu. Piga mbili kwa pamoja kwenye nyuzi ya kwanza na ya pili kule juu karibu na shingo inapoishia, sikiliza chini yake. Utausikia huo mngurumo. Sasa ongeza na gitaa la pili linalojibu, ambalo nalo liko kwenye amplifaya iliyopasuka, ndiyo ule uji mnaousikia kwenye bendi nyingi za siku hizi mnasema fundi mitambo hajui kazi. Fundi mitambo hana kosa.

Nilikaa miaka mingi nikishika sekondi, hilo gitaa la pili, na nakwambia sebene ni kazi ya nafasi. Solo anaacha tundu, sekondi anapita kwenye lile tundu. Sauti ikipasuka inakuwa ndefu, inajaza matundu yote, na mchezaji mguu wake unakosa pa kutua.

Zamani hatukuchagua vyombo, vilikuwa vya mashirika. Bendi ya NUTA Jazz tangu 1964 vyombo vilikuwa vya chama cha wafanyakazi, mpigaji anakuja na vidole vyake. Tulijifunza kupatana na kilichopo. Nyinyi mna bahati ya kuchagua basi chagueni kwa mziki mnaopiga, siyo kwa mziki wa anayeiuza.

Kwako kijana wangu ningesema Deluxe Reverb. Valvu zake za mwisho, zile zinazosukuma spika, ni 6V6 mbili, spika ya inchi 12 moja, haina masta, kile kitasa cha pili cha kupunguza sauti ya mwisho, na ukiwa na gitaa la pikapu za koili moja utafika namba nne hivi ikiwa bado safi kama maji ya kisima. Kilo 19. Siyo nyepesi, lakini siyo adhabu.

Solo_Kigamboni

Shikamoo mzee. Hiyo noti ya ziada nimeenda kuijaribu sasa hivi kwenye kiamplifaya cha mazoezi hapa ndani, nimeisikia!! Miaka yote nilidhani ni gitaa langu limepoteza tyuni. Asante sana.

Benga_Roysambu

Marahaba ya mzee nami niichukue, shikamoo mzee. Ni ukweli, hata kwa benga ni hivyo hivyo. Mimi sikuwahi kuona kwa sababu niko na gitaa peke yangu kwa bendi, hakuna sekondi. Lakini Solo kuna kitu ya kujua na Blues Junior, iko na volyumu na masta. Watu wengi huweka volyumu juu na masta chini ndio waweze kucheza kwa sauti ya chini, hapo ndio inapasuka kabisa kwa valvu za mwanzo. Wewe geuza. Masta mpaka mwisho, 12, halafu cheza na volyumu kutoka chini. Inakaa safi zaidi ya vile wengi wanafikiria.

fundi_transfoma

Nimechelewa kidogo nilikuwa na kazi. Mimi ni fundi, Ilala, nimeanza na redio za valvu kwa baba yangu, siku hizi nyingi ninazopata ni za gitaa, za makanisa na za mahoteli. Nitaongelea mambo ya ndani ya boksi.

Umeme kwanza. Ukichomeka amplifaya ya 120 kwenye 230 yetu bila kitu katikati, bahati nzuri inakata fyuzi, bahati mbaya inaunguza transfoma, na fyuzi ikiwa iliwahi kubadilishwa na mtu akaweka kubwa kuliko inayotakiwa basi ni transfoma moja kwa moja. Kwa hiyo unahitaji transfoma ya kushusha, 230 kuja 120. Amplifaya yenyewe haili umeme mwingi, transfoma ya VA 300 (kipimo cha nguvu yake) inatosha na kubaki, ila usinunue vile viboksi vyepesi vya pasi na mashine za nywele, hivyo havishushi umeme vinaukatakata tu, ukivipa amplifaya ni hasara. Shika mkononi, transfoma ya kweli ni nzito. Na hakikisha waya wa athi umepita mpaka upande wa pili, plagi za miguu miwili sizitaki kabisa kwenye chombo ambacho mtu anashika nyuzi za chuma huku mdomo uko kwenye maiki.

La pili watu hawalijui, umeme wa Marekani unapiga mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50. Transfoma ya kushusha inabadilisha volti, haibadilishi hiyo 50. Kama ndani ya amplifaya transfoma ilitengenezwa kwa 60 peke yake itafanya kazi lakini kwa joto zaidi. Nyuma ya amplifaya kuna maandishi ya volti na hazi, hizo mara kwa sekunde. Mwambie binamu apige picha pale, iwe wazi inayosomeka.

Sasa hii ya Blues Junior kupasuka mapema. Valvu ya kwanza kabisa, ile iliyo karibu na tundu la gitaa, ni 12AX7, nguvu yake ya kukuza ni 100. Kuna ndugu yake anaitwa 5751, anaingia kwenye soketi ileile bila kubadilisha chochote, yeye ni 70. Unaitoa hii unaweka hii, basi. Kuna na 12AY7 ambayo iko kwenye 44 hivi, hiyo inaweza kuwa imepoa mno kwako. Zima amplifaya, chomoa ukutani, subiri ipoe, tingisha taratibu ukivuta. USIFUNGUE chasisi kwenda zaidi ya hapo, ndani kuna mamia ya volti na zinabaki kwenye kapasita hata ukishachomoa.

Na jambo moja ambalo nimelipokea mezani kwangu mara nyingi kuliko yote. Amplifaya ya valvu haiwashwi bila spika. Mwaka jana kijana kaniletea yake, walikuwa wanapakia vitu baada ya shoo, mtu akachomoa kebo ya spika huku imewashwa na mwingine bado anachezea gitaa. Transfoma ya kutokea, ile ya upande wa spika, ikaungua. Niliifungua nikakuta varnishi imechemka imetoka kwenye pembe, ile harufu ukishaisikia mara moja huisahau. Alilia yule kijana mbele yangu, maana ilikuwa ya kuazima.

Wa pwani pia, chumvi. Miguu ya valvu inaota kijani. Kila miezi mitatu zitoe, futa miguu na raba ya penseli, rudisha. Kama unasikia inapiga chrr chrr ukigusa meza, tisa kwa kumi ni soketi chafu, siyo valvu.

Amina_Leicester

Assalam aleikum nyote. Mie napiga gitaa huku Leicester, bendi ya harusi za Waswahili na Wakongo, na nimetumia AC15 miaka minne, basi niseme ninaloliona.

Sauti yake nzuri, ina kiung'avu kile juu ambacho kwa rumba kinakaa vyema sana, noti inalia kama kikombe cha gilasi. Lakini Solo, kwa ajili ya kubeba, hiyo si ndogo. Kilo 22. Umeikimbia Twin kwa sababu ya ngazi, utajikuta umefika nusu njia tu. Na valvu zake za mwisho ni EL84 mbili, ni zilezile za Blues Junior, kwa hivyo alilolisema mzee la kupasuka litakukuta na huko. Hata Vox wenyewe walianza kuuza AC15 mwaka 1958, haukupita muda wakaleta AC30, kwa sababu wapigaji walianza kuingia kumbi kubwa na ile ya 15 haikuwatosha.

Mimi nilipata nafuu kwenye spika. Watu wanahesabu wati wanasahau spika. Kila spika imeandikwa desibeli zake kwa wati moja, ile Celestion Greenback iliyokuja kwenye yangu ni 98, nikaweka ya 100. Desibeli mbili hizo, na mmeshaambiwa hapo juu kuwa wati maradufu ni desibeli tatu tu. Nilipata karibu sawa na kununua amplifaya kubwa zaidi, na uzito haukuzidi kitu. Lakini angalia omu (kipimo cha ukinzani) zilizoandikwa nyuma ya spika ya zamani, kama ni 16 weka 16.

Halafu nawaona nyote mnazungumza kama vile amplifaya ndiyo itakayowafikia watu. Kwa nini? Mna miksa ya mwimbaji, sivyo? Weka maiki moja mbele ya spika, SM57 inatosha, vidole viwili mbali na kitambaa, na usiielekeze kwenye kile kitumbua cha katikati kwani hapo sauti inachoma, isogeze kando kidogo. Watu watakusikia kwenye spika za ukumbini, amplifaya kazi yake ni kukusikilizisha wewe na mpiga dramu tu. Hapo hata wati 12 za ile amplifaya ndogo ya Fender Princeton zingekutosha, nayo ni kilo 15 tu, ingawa spika yake ni ya inchi 10 na besi ya gitaa hupungua.

Mzee_wa_Sekondi

Binti Amina umesema la maana kubwa kuhusu maiki. Ila nikuombe jambo. Maiki inachukua kilichotoka kwenye spika. Kama pale kimeshapasuka, miksa itaukuza uji. Kwa hiyo bado tunarudi palepale, lazima iwe safi kwa ile sauti ambayo mpigaji anahitaji kujisikia dhidi ya dramu.

Kijana usinunue kwa maneno yetu. Azima hiyo iliyopo Dar, ipeleke kwenye shoo, siyo nyumbani, na mpiga dramu wenu awepo. Chumbani kila amplifaya ni nzuri.

Amina_Leicester

Ni kweli mzee, sikulifikiria hilo. Kwetu mpiga dramu hutumia fimbo za vijiti vilivyofungwa pamoja, si zile nzito, ndiyo maana mie sijapata shida.

Solo_Kigamboni

Nimerudi wakuu, wiki mbili zimepita. Mwenye Blues Junior alikubali kuniazima kwa siku tatu nikaacha kitambulisho na amana kidogo. Nimeipiga Ijumaa ufukweni na Jumamosi hotelini, na fundi_transfoma aliniuzia 5751 moja nikaiweka mwenyewe mezani, mkono unanitetemeka kama napima damu, ila ikaingia vizuri.

Nianze na Jumamosi maana ndo iliyonifurahisha. Ukumbi una kuta na dari ya chini, nikaiweka kwenye kreti kama alivyosema Benga, masta 12, volyumu tatu na nusu. Nilijisikia kila noti. Mara ya kwanza tangu tuanze pale nimepiga wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho bila kumuona meneja, na tulipopiga bluzi nikaisogeza mpaka sita ikaanza kulia yenyewe, mzungu mmoja akaja mpaka mbele akakaa chini kwenye zulia akawa anaangalia spika. Ngazi nilipanda nayo mkono mmoja, gitaa mkono wa pili.

Ijumaa ilikuwa hadithi nyingine. Pale hakuna ukuta, sauti inatoka inaenda baharini hairudi. Nyimbo za polepole sawa. Tulipoingia sebene mpiga dramu akafunguka, nikapanda nne, tano, sita, kufika sita na kitu noti zangu mbili mbili zikaanza kushikana, na ule mngurumo wa chini ukaanza kutoka, sasa kwa kuwa mzee alishanionyesha siwezi tena kutousikia. Mwimbaji wetu anayeshika ridhim akanigeukia katikati ya wimbo akaniuliza kwa macho kuna nini. Tuliweka maiki kama dada Amina alivyosema, watu walisikia vizuri kwa ukubwa, lakini nilikuwa napeleka kule kitu ambacho mwenyewe sikipendi. Bila ile 5751 nadhani ingekuwa mbaya zaidi, manake mazoezini Alhamisi na 12AX7 ilipasuka nikiwa nne tu.

Kwa hiyo Benga usinichukie, ni chombo kizuri na kama ningekuwa na shoo za ndani peke yake ningemlipa jamaa palepale. Ila sebene ndo linalotuletea watu Ijumaa. Nimemrudishia yake na nimeongea na binamu, nasubiri Deluxe. Nimeshamuomba picha ya nyuma, imeandikwa 120V 60Hz. Fundi hapo inakuwaje? Iko salama au nitafute transfoma nyingine ya ndani kabisa?

Benga_Roysambu

Hapana chuki boss, umeifanyia kazi yako ukajua. Hiyo ya baharini sikuwa nimeifikiria, mimi mahali pote napiga kuko na kuta.

fundi_transfoma

Umefanya la maana kuipeleka kwenye shoo.

Kwa hiyo ya 120 na 60, tutaanza na transfoma ya kushusha, njoo nayo dukani kabla hujaenda kuipiga popote. Nitaiwasha nipime volti za ndani, nipime bayasi (mpangilio wa umeme wa valvu zikiwa zimetulia) ya zile 6V6, maana Deluxe ina sehemu ya kurekebisha na valvu zilizozoea umeme mwingine hazifai kuachwa hivihivi. Halafu tutaiacha imewaka saa mbili na mimi nitakuwa naigusa transfoma ya umeme kila robo saa. Ikiwa moto wa kushikika, utaenda nayo kazini. Ikiwa moto wa kutoa mkono, tutaweka nyingine ya 230 na 50 ndani na hutahitaji tena kubeba boksi la kushusha, hiyo ndiyo ningependa zaidi kwa mtu anayetembea na chombo kila wiki. Sehemu za baa zenye jenereta weka stabilaiza hata hivyo, jenereta ndogo ikizidiwa na friji volti zinayumba sana na valvu zinaumia.

Kitu cha haraka sasa hivi ni binamu. Asiiweke kwenye mzigo wa ndege na valvu zikiwa ndani, wale wapakiaji wanarusha. Kabla hajazitoa apige picha zote zikiwa mahali pake, na achukue karatasi achore soketi kutoka kulia kwenda kushoto na namba zake, kwa sababu kuna 12AX7 nne na 12AT7 mbili na kwa macho zinafanana. Kila moja aivalishe soksi, azibebe kwenye begi la mkononi. Akimaliza ahesabu, zinatakiwa ziwe tisa, ile kubwa ya pembeni kabisa 5AR4 watu wengi huisahau.

Solo_Kigamboni

Nimemtumia yote sasa hivi. Anauliza soksi za pamba au za sufu.

fundi_transfoma

Zozote, ila ziwe nene na zimefuliwa.